Vitamini za Kocha Mutunga

Mwaka wa tisini na tatu, katika Soko la Toi hakukuwa na mwanamke mwingine aliyeweza kulishusha belo la mitumba kutoka kwenye mkokoteni na kuliweka chini taratibu kama mtoto aliyelala. Rosebella Awiti aliweza, na alikuwa na miaka kumi na tisa tu. Wabebaji walimcheka mwanzoni, baadaye wakawa wanamwita awape mkono mzigo ukizidi. Mama yake, Magdaline, ambaye alikuwa akiuza sketi na blauzi pale tangu Rosebella akiwa mgongoni, hakufurahia.

"Wewe endelea tu kubeba mabelo, nyathina, mwanangu," alimwambia. "Utakosa wa kukuoa."

Alisema hivyo kwa utani, maana wa kumwoa alikuwa amekwisha kupatikana. Oloo, kijana mpole aliyechomelea vyuma kule Laini Saba, alikuwa akija kila Jumapili katika kanisa lao la mabati Soweto West, akikaa benchi la nyuma, akimsikiliza Rosebella akiimba sauti ya kwanza. Hakuwa mtu wa dini sana, huyo Oloo. Wimbo wa mwisho ukikwisha tu, hata kabla ya matangazo, alikuwa nje akimngoja.

Siku moja mtu mmoja alikuja sokoni kutafuta viatu vya kukimbilia katika kibanda cha jirani. Alikuwa mfupi, mwenye tumbo dogo na saa kubwa mkononi, na alipomwona Rosebella akishusha belo aliviacha viatu chini akaja kusimama mbele yake.

"Umewahi kurusha tufe?"

"Tufe ndiyo nini?"

"Chuma cha mviringo, kilo nne. Unaliweka hapa shingoni, halafu unalisukuma kama unamsukuma mtu amekukosea." Alicheka mwenyewe. "Mimi naitwa Mutunga. Nina klabu ya riadha kule Kawangware. Njoo hata mara moja tu uone."

Rosebella alikwenda kwa kutaka kujua tu, na tufe lilipotoka mkononi mwake mara ya kwanza, likaanguka kwenye vumbi jekundu mbali kuliko la wasichana wote waliokuwepo, alijisikia kama mtu aliyeulizwa swali na kukuta jibu analijua. Tangu hapo, jua likianza kulegea, alimwachia mama yake kibanda, akakata Ngong Road kwa miguu hadi Kawangware. Uwanja ule haukuwa na nyasi. Vyuma vya kunyanyua vilikuwa vipande vya reli na makopo ya rangi yaliyojazwa saruji. Lakini Mutunga alijua kufundisha, hilo hakuna aliyemnyima. Alimwekea mayai ya kuchemsha kwenye mfuko wa karatasi, alimsindikiza hadi barabarani giza likikaribia, akamwita binti yangu mbele za watu. Rosebella hakuwahi kumjua baba yake. Neno lile lilimwingia.

Kulikuwa na kampuni moja kubwa mjini yenye timu yake ya riadha. Mwanamichezo akichukuliwa na kampuni ile, alipewa kazi ya ofisini na nyumba ya mawe yenye mfereji ndani. Mutunga alikuwa akiizungumzia nyumba hiyo kama mtu aliyewahi kulala ndani yake. Rosebella alikuwa amekwisha kumpangia mama yake chumba, na hata pahali pa kuweka cherehani.

Miaka miwili alirusha, na mwaka wa pili tufe likagoma. Alinyanyua saruji hadi mikono ikatetemeka, lakini chuma kilikuwa kikianguka palepale, siku baada ya siku, mpaka pakawa na shimo.

Ndipo Mutunga alipomwita kwenye stoo ya uwanja, akafunga mlango, akatoa kichupa kidogo chenye maji ya rangi ya mafuta ya kupikia. Karatasi yake ilikuwa imebanduliwa.

"Hizi ni vitamini," alisema. "Zinatoka Ujerumani. Wale wazungu unaowaona wakirusha, hizi ndizo chai yao. Mwili wako umechoka, binti yangu, unataka kusaidiwa. Geuka."

Aligeuka.

Vitamini zilifanya kazi. Baada ya majuma machache Rosebella alikuwa akiamka na njaa ya mtu aliyevuka jangwa, na vyuma vilivyomshinda jana akivinyanyua leo huku akizungumza. Mabega yalijaa, blauzi zikapasuka mishono, mama yake akawa anamshonea vipande vya kitambaa kwapani. Tufe lilivuka shimo lile la zamani likaenda zake. Kila mara lilipoanguka mbali zaidi, Mutunga alipiga makofi na kuruka kama mtoto.

Mengine yalikuja polepole, yakijificha moja nyuma ya jingine. Kwanza chunusi, mgongo mzima. Kisha siku zake za mwezi zikapotea. Kisha sauti.

Osewe, aliyeongoza kwaya, aligundua hilo mapema kuliko yeye mwenyewe. "Rose, hebu leo simama na sauti ya pili," alimwambia, kama mtu anayeomba kusogezewa kiti tu. Baada ya miezi michache akamwomba ajaribu ya tatu. Jumapili ya Pasaka, katikati ya wimbo aliouimba tangu utotoni, Rosebella alifungua kinywa kupandisha, na sauti ikakatika, ikatoka kama bati linaloburutwa kwenye mawe. Watoto wa benchi la mbele waliangua kicheko. Osewe alitazama chini. Rosebella aliendelea kusimama pale, akichezesha midomo bila kutoa sauti, mpaka wimbo ukaisha, kisha akavua joho la kwaya, akalikunja vizuri, akaliacha juu ya kiti. Hakurudi tena.

Alimwendea Mutunga. "Kocha, mwezi wa tano huu sijaona siku zangu."

"Hiyo ni trening. Wanariadha wote huwa hivyo."

"Na sauti?"

"Vumbi hilo. Kunywa asali na ndimu."

"Hizi ni vitamini kweli?"

Mutunga alimtazama kwa huzuni, kama mtu aliyetukanwa nyumbani kwake. "Rosebella, mimi hapa ni baba yako. Baba anaweza kumdunga mtoto wake sumu?"

"Hapana, Kocha."

"Basi usiniulize tena."

Hakuuliza tena. Alipoanza kuota nywele kidevuni alinunua wembe. Oloo aliukuta wembe ule siku moja alasiri, kwenye kikombe karibu na mswaki, akaushika akicheka. "Rose, kwani siku hizi unanyoa ndevu?"

Alikuwa akitania tu, maskini, lakini hasira iliyompanda Rosebella haikuwa yake, au hakuitambua kuwa yake. Alimpiga kofi moja. Oloo alirushwa pamoja na meza, akagonga ukuta, jiko la stovu likapinduka, na alipoinuka damu ilikuwa ikimtoka sikioni. Hakumrudishia. Alimtazama kwa macho ambayo Rosebella hangeyasahau. Hayakuwa ya mtu aliyekasirika, yalikuwa ya mtu aliyeingia chumba kisicho chake. Kisha akaokota kofia yake. Kabla mwaka haujaisha aliletewa msichana kutoka kwao, akamwoa.

Rosebella alilia juma zima, na sauti ya kilio chenyewe ilimtisha. Alijifunza kulia kimya.

Akabaki na tufe. Mwaka wa tisini na sita, kwenye mashindano ya kuchagua timu ya kwenda ng'ambo, alirusha mbali hivi kwamba mzee mwenye kamba ya kupimia alirudia kupima, akidhani amekosea. Watu walisimama. Magdaline, ambaye hakuwahi kuingia uwanja wa michezo maishani mwake, alipiga vigelegele mpaka kitambaa kikamtoka kichwani. Mtu wa ile kampuni alikuja kumpa mkono Rosebella na kumwambia wataonana. Kwa jioni ile moja yote yalikuwa na maana: wembe, joho lililokunjwa, hata Oloo.

Waliochaguliwa waliambiwa wakojoe kwenye vichupa. Alikojoa bila wasiwasi wowote.

Mutunga alikuja Toi majuma mawili baadaye. Hakuwa amefika kibandani pale tangu ile siku ya viatu. Aliketi juu ya belo, akaangalia huku na huku.

"Bega lako limeumia," alisema.

"Bega langu ni zima."

"Nisikize, Rose. Limeumia. Wakubwa wamekaa wakakubaliana hivyo. Utasema limeumia, huwezi kusafiri, hakuna mtu atauliza. Jina lako litabaki safi."

"Kwani mkojo umeonyesha nini?"

Mutunga alifuta jasho. "Ile kitu tulikuwa tunatumia."

"Tulikuwa?" Rosebella aliuliza kwa sauti ile nzito, na mteja aliyekuwa akipekua sketi akageuka. "Wewe ulidungwa lini?"

"Punguza sauti."

"Hii ndiyo sauti uliniachia. Sina ingine."

"Sasa ulifikiri ni nini?" Mutunga alinong'ona, na kwa mara ya kwanza hakukuwa na utamu wowote katika maneno yake. "Ulifikiri ni maji ya baraka? Ulikuwa unaona tufe likienda, ukanyamaza. Sasa nyamaza tena. Ile kazi ya kampuni nitahakikisha umepata. Lakini ukifungua mdomo, hutapata kazi, na hao watu wote walikupigia makofi watakuita mwizi. Chagua."

Magdaline ndiye aliyemwomba akubali. Alikuwa amekwisha kuwaambia watu kuhusu nyumba ya mawe. "Bega linapona, nyathina," alisema, bila kuelewa, au akielewa kiasi alichotaka. Rosebella alifungwa bandeji bega ambalo halikuwa na kitu, akapigwa picha nalo, na gazeti likamsikitikia.

Ile kazi haikuja. Alikwenda ofisi za kampuni, akakalishwa kwenye kochi, akaambiwa timu ya warushaji imevunjwa kwa sasa. Daktari mmoja wa kike alimpima, akamweleza mambo bila kumzungusha: siku zake zingeweza kurudi, na kweli zilirudi baadaye, mara moja moja, kama mzaha, nywele angenyoa, kuhusu mtoto hakuweza kumwahidi kitu, na sauti ingebaki ilivyo mpaka afe. Mutunga naye alichaguliwa kuwa mmoja wa viongozi wa timu. Rosebella alimwona kwenye televisheni ya mwenye duka la nyama, amevaa koti la bluu lenye nembo ya taifa, akipunga mkono kwenye ngazi za ndege.

Alirudi kwenye sketi. Wateja waliokuja wakiwa wameinama kuchagua nguo walikuwa wakiuliza, "Buda, hii ni ngapi?" kisha wakainua macho, wakaona ni mwanamke, wakachanganyikiwa. Wengine waliomba radhi, na hao ndio walimuuma zaidi. Alijifunza kuonyesha bei kwa vidole.

Miaka miwili ilipita hivyo. Kisha, asubuhi moja ya mwaka wa tisini na nane, msichana mmoja alisimama mbele ya kibanda akitafuta blauzi pana mabegani. Alikuwa na miaka kumi na saba hivi. Shingo yake ilikuwa imejaa chunusi.

"Sasa, anti," alimsalimu, na sauti ikamkwama katikati. Akakohoa. "Pole. Ni hii vumbi ya uwanja wetu."

Mikono ya Rosebella iliacha kukunja. "Uwanja gani?"

"Kawangware. Mimi hurusha tufe." Alitabasamu kwa fahari. "Naitwa Mukai. Kocha wangu ni Mutunga, pengine umemwona kwa tivii."

Siku ile Rosebella alifunga kibanda mapema. Alianzia kwa wakubwa wa riadha. Alisimama mbele ya afisa mmoja mwenye miwani, akaeleza yote, stoo, vichupa, bandeji, asifiche hata kosa lake mwenyewe. Afisa alimsikiliza akichezea kalamu.

"Dada, wewe uliacha michezo kwa sababu ya bega," alisema mwishowe. "Ulisema mwenyewe kwa gazeti. Sasa tuamini ya lini, ya wakati ule au ya leo?"

"Nipimeni basi. Mpimeni huyo mtoto."

"Vipimo vinafanywa wakati wa mashindano," afisa alisema, akainuka kumfungulia mlango.

Basi akaenda kwa mama yake Mukai. Kuipata nyumba hakukuwa na kazi. Kawangware nzima ilimjua Mukai kwa mabega yake. Ilikuwa Jumamosi mchana. Mlango wa bati ulikuwa umeegeshwa, na Rosebella akabisha. "Hodi hapa."

"Baba Mukai hayuko," sauti ya mwanamke ikajibu toka ndani. "Rudi jioni, bwana."

"Si yeye namtafuta. Naitwa Rosebella. Mimi ni mwanamke, mama."

Nyayo zikasogea. Kisha mlango ukafunguliwa. Nzilani, mama yake Mukai, alikuwa mwembamba, kiondo alichokuwa akisuka kikining'inia mkononi kwa nyuzi zake. Alimtazama juu hadi chini, akampisha kwa shaka, akamwonyesha kigoda.

Rosebella alizungumza kwa utaratibu, akichagua maneno. Nzilani alisuka bila kuinua macho. Rosebella alipomaliza, mama yule alivuta uzi, akaukaza.

"Kocha alituambia utakuja," alisema.

"Alisema nini?"

"Kwamba kuna mmoja wa Toi alishindwa kwa uvivu, na sasa anamchafulia jina. Mutunga ni mtu wa kwetu, Machakos. Alimtoa Mukai kwa kufulia watu nguo. Wewe nakujua wapi?"

"Mama Mukai, leta mkono."

Nzilani hakuleta. Rosebella akainama, akaushika mwenyewe, akauweka kidevuni mwake. Alikuwa hajanyoa siku ile, kwa makusudi. Nzilani alikaa hivyo kidogo, vidole vikigusa, macho yakimpanuka. Kisha akaurudisha mkono wake, akaufuta kwenye leso.

"Kuna watu huzaliwa hivyo," alisema.

"Mimi sikuzaliwa hivi. Nilikuwa na mchumba. Nilikuwa mwimbaji."

"Basi pole." Nzilani aliweka kiondo chini, na kwa kitambo Rosebella aliamini amempata. Lakini mama alitazama chumba chake, kitanda kimoja kilichotenganishwa kwa shuka, sufuria zilizopangwa juu ya boksi, na uso ukajifunga. "Kampuni imeshamwita. Mwezi ujao anaenda kuonwa. Unataka nimwambie mtoto akae nyumbani asuke vyondo na mimi? Utamlisha wewe?"

Mukai aliingia wakati huo na mtungi wa maji begani, akiubeba kama mtu anavyobeba mwavuli. Alimtambua Rosebella, akasimama.

"Ndiye huyu, mathe?"

"Ndiye. Anaenda sasa."

Rosebella aliinuka. Alikuwa na maneno mengine mengi, aliyoyapanga njia nzima, lakini aliyaona jinsi yatakavyoanguka, moja moja, mbele ya uso ule wa mama aliyekwisha kuamua. Alitoka. Nje watoto walikuwa wakiruka kamba kando ya mtaro. Waliposikia akisema "niwapite" wakasimama kumwangalia.

Alikuwa amefika karibu na kona aliposikia miguu ikimkimbilia. Mukai alimfikia bila hata kuhema. Alitazama nyuma, kuelekea mlangoni kwao, kisha akasogea karibu. Machoni mwake kulikuwa na hofu, Rosebella aliiona kabisa, akatumaini.

"Anti, nataka kukuuliza kitu. Lakini usinidanganye."

"Niulize, mwanangu. Uliza chochote."

"Hizo sindano," Mukai alisema kwa sauti ya chini. "Wewe zilikuongezea mita ngapi?"

Rosebella alimtazama. Angeweza kusema hazikuongeza kitu. Angeweza kusema zilimpunguzia. Neno moja tu la uongo, na alikuwa amekwisha kusema makubwa kuliko hilo, mbele ya waandishi wa gazeti, bandeji begani. Lakini mtoto alikuwa ameomba asidanganywe, na katika mambo haya yote hakuna mtu aliyewahi kumfanyia yeye hisani hiyo.

"Karibu tatu," alisema. "Lakini Mukai, sikiliza..."

"Tatu," Mukai alirudia.

Hakuwa akisikiliza tena. Midomo yake ilikuwa ikihesabu, tatu juu ya zile alizo nazo, na hofu ile ilikuwa ikimtoka usoni polepole, na mahali pake pakaingia kitu ambacho Rosebella alikijua vizuri.

"Asante, anti," msichana alisema, akageuka, akarudi mbio nyumbani.